Migongo Isiyo na Rangi

Jumanne, 4 Julai

Kaka yangu Struan amepiga simu nikiwa na glavu mikononi. Nikamweka kwenye spika. Mpima mimba amepita leo na mashine yake. Wale majike vijana, wale wazuri anaojivunia — nusu nzima hawana kitu. Watupu! Na nusu iliyobaki wamebeba mapacha, wengine watatu watatu.

"Nusu, Eppie! Jamaa mwenyewe amezima redio, akaniangalia kama mtu aliyefiwa."

Nikampa pole. Nikasema na mengine ya kumfariji, sikumbuki yapi. Maana nilishaanza kuhesabu kichwani. Nusu watupu, nusu mapacha. Ugonjwa gani huo wenye adabu ya kugawa sawasawa?

Nikaifukuza fikra hiyo. Nikala sendwichi yangu, nikarudi kwenye hadubini. Mama akiulizwa kanisani binti yake anafanya kazi gani huku Dunedin, hujibu, "Anatazama mayai ya kondoo," watu wakacheka wakidhani ni mzaha wa bibi kizee. Ndiyo kazi yangu hasa. Mayai yale madogo yaliyolala ndani ya jike tangu hajazaliwa. Nani huyaamsha. Nani huyaambia yakue. Miaka yote hii natazama hilo tu, na leo kaka yangu ananiambia nusu ya kondoo wake hawana mimba, mimi nakula sendwichi!

Yeye anasema ni ugonjwa wa paka. Paka anaacha uchafu kwenye majani, kondoo wanakula, mimba zinatoka. Kuna chanjo yake. Aliyechanja ni Hoani, mchungaji wake, mwezi wa tatu.

"Nitajua la kumfanya Hoani," amesema. Sikuipenda sauti yake.


Alhamisi, 6 Julai

Struan tena. Eti Hoani amekiri.

Siku ya chanjo alipita nyumbani kwake kwanza. Mtoto alikuwa na homa, mkewe Mereana yuko barabarani anaendesha basi la shule. Sanduku la chanjo likabaki ndani ya pikapu, juani. Muda gani? Hakumbuki. Chanjo ile inataka baridi, ikipata joto inakufa.

"Amekiri kwa mdomo wake mwenyewe!" Struan anasema kwa ushindi, kana kwamba kesi imekwisha na hakimu amekwenda kula.

Ningesema hapo hapo. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikasema: "Usimfukuze haraka."

Haraka! Yaani amfukuze polepole? Mjinga mimi.


Jumamosi, 8 Julai

Waikoikoi, shambani kwetu. Nimefika asubuhi, theluji nyembamba juu ya vilima, matope mlangoni kama kawaida. Mama amenibusu akasema nimekonda. Struan hakunibusu, alikuwa ananoa kisu.

Nimeomba kuwaona kondoo. Wamewatenga: wenye mimba zizi la juu kwenye majani mazuri, watupu zizi la chini, wanangoja lori la machinjioni Jumatatu ya tarehe 17. Nikapanda ua, nikakaa juu ya ubao kama nilivyokuwa nikikaa nikiwa mtoto.

Nikaona migongo yao.

Madume wakati wa kupandisha huvalishwa mkanda wenye chaki ya rangi kifuani. Jike akipandwa anabaki na alama kiunoni, na rangi ile haitoki upesi, hata mvua hizi haziimalizi. Wale wa zizi la juu wote wana mabaki ya buluu. Wa zizi la chini — weupe. Migongo safi! Hawakupandwa. Hawakumtaka dume hata siku moja. Ugonjwa wa paka huja baada ya mimba kuingia, na hawa hata mlango haukubishwa.

Struan akasimama kando yangu. Nikamuuliza kuhusu rangi.

"Chaki mbovu. Nilinunua ile ngumu, baridi ikaikausha."

"Mbona kwa hawa wengine imeshika?"

"Sasa wewe umekuja kunihoji ama umekuja kula?"

Nikacheka. Nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu kucheka kulikuwa rahisi.

Mchana akachinja mmoja wa watupu kwa ajili ya mbwa. Nikamwambia naomba kizazi chake. Hakushangaa, amezoea, tangu nikiwa msichana mimi ndiye wa kuchokonoa matumbo. Nilikifungua juu ya gunia nyuma ya banda la kukatia manyoya. Ovari ya kondoo mzima hujaa vinundu, unavigusa kwa kidole kama punje za mahindi chini ya kitambaa. Hizi zilikuwa nyuzi mbili tu. Nyembamba, laini, hazina kitu.

Sikuhitaji hadubini. Lakini niliziweka kwenye chupa, chupa ndani ya chupa ya chai. Nikajiambia: hakikisha kwanza. Mtu akitaka kuchelewa hakosi sababu.

Hoani alipita na pikipiki ya magurudumu manne, mbwa wake Tui nyuma. Huwa anapiga kelele, "Daktari! Leo umemtibu nani?" Leo aliinua kofia tu.

Nyuma ya banda hilohilo ndipo amezikwa Mstaafu.


Jumapili, 9 Julai

Niandike yote. Nisipoandika humu nitaandika wapi.

Mstaafu ni dume aliyetoka kwetu maabara. Utafiti mmoja ulipokwisha, madume wote walitakiwa kuchinjwa. Yeye alikuwa mzuri mno. Kichwa kipana, miguu imara, mpole kama mzee wa kanisa. Nikaweka sahihi kwamba amechinjwa, nikamtia kwenye tela langu, nikamleta nyumbani kama zawadi kwa Struan. Struan ndiye aliyempa jina hilo. "Serikali imemchoka, mimi nitampa pensheni," alisema.

Ndani ya damu yake alikuwa na ile hitilafu tunayoichunguza. Nilijua, ndiyo maana nilimleta. Hurithisha mabinti zake wote. Binti akiwa nayo kwa upande mmoja tu, ni baraka: mayai mawili matatu hukomaa kwa pamoja, anazaa mapacha. Struan akawa gumzo la wilaya. Watu walikuja na pikapu zao kuchungulia.

Lakini binti akiipata kwa baba na kwa mama, pande zote mbili — amefungwa. Tasa maisha yake yote. Kwa hiyo sheria ni moja, mtoto wa chekechea anaweza kuishika: dume huyu asirudi kwa binti zake.

Na mimi nilimwambia arudi.

Dume mpya wa Struan alivunjika mguu msimu wa kupandisha. Akanipigia simu. Anaweza kumrudisha Mstaafu kwa binti zake, msimu mmoja tu? Najua ni uchafu kidogo, alisema, baba na binti, lakini wakulima wa zamani walifanya. Nilikuwa na jicho kwenye hadubini. Nilikuwa natazama — haki ya Mungu — ovari ya kondoo aliyefungwa pande zote mbili. Nikafikiri habari ya ndugu kuzaliana tu, kwamba mara moja haidhuru. Nikasema, "Sawa, msimu mmoja haudhuru."

Ndiyo hivyo. Sawa moja. Nilikuwa na haraka ya kumaliza sahani ile ya vioo vya hadubini.

Wajukuu wa kike wa Mstaafu waliozaliwa msimu ule wote waliipata kwake, na nusu yao wakaipata na kwa mama: ndio hawa wa zizi la chini.


Jumatatu, 10 Julai

Nimezikata, nimezipaka rangi, nimezitazama.

Katika ovari nzima yai hulala limefunikwa na tabaka moja la chembe hai bapa, kama mtoto chini ya shuka. Wakati wake ukifika yai hutoa ujumbe. Protini kidogo sana, lakini majirani wanasikia: zile chembe zinanenepa, zinagawanyika, zinakuwa tabaka mbili, tatu, nne, kisha nazo zinalilisha yai na kulijibu. Linasema nao, wanasema nalo. Hivyo ndivyo kifuko kinavyokua. Nimelifundisha hili kwa wanafunzi wengi, na kila mara napenda sehemu hii.

Katika ovari za leo yai limekua. Limekuwa kubwa, peke yake, limevimba. Na chembe za pembeni zipo vilevile, tabaka moja, zimekaa. Hazina ubaya wowote. Hazijaambiwa kitu.

Nikazima taa ya hadubini nikakaa.

Ngaire akaingia. Ni mkuu wangu na rafiki yangu, tumezeeka pamoja humu ndani. Akainama, akatazama, akapiga mluzi. "Loo, hizi nzuri! Umezitoa wapi? Hatujawa na mnyama wa hivi tangu tulipofunga kundi."

"Friji la chini," nikasema. "Za zamani."

"Rangi yake mbichi hivi?"

"Ziligandishwa vizuri."

Akaniangalia. Akasema basi nimfundishe kugandisha, maana zake zote huwa kama maini ya juzi. Akaenda zake anacheka. Huo ni uongo wa pili sasa. Wa kwanza ulikuwa sahihi ya Mstaafu. Au wa kwanza ni ule ukimya wa Alhamisi? Nimeshapotea kwenye uongo wangu mwenyewe.


Jumatano, 12 Julai

Nilipiga simu kusema. Naapa nilipiga kwa nia hiyo! Nilisimama hata, kama mtu anayetoa hotuba.

Struan akaniwahi. Amempa Hoani notisi. Jumatatu waondoke, lori la kondoo na lori lao siku moja, nyumba ni ya shamba na mchungaji mwingine ameshapatikana. Amesema maneno hayo upesi upesi, nami nikajua hana raha. Hoani amekuwa pale tangu Baba yuko hai. Baba ndiye aliyemfundisha kumvika mwanakondoo yatima ngozi ya mwanakondoo mfu ili mama wa yule aliyekufa amkubali. Sasa Hoani ndiye anayewafundisha vijana wa wilaya nzima.

"Unaniona mkatili," Struan akasema.

"Hapana."

"Mtu akiharibu lazima alipe. Sivyo?"

"Huko kunanyesha?" nikauliza.

Kunanyesha! Hivi ndivyo nilivyouliza. Tukazungumza mvua. Nikakata simu nikajitazama kwenye kioo cha bafuni na nikajitukana, tusi ambalo Mama anadhani silijui.

Najiambia ni kazi. Nikisema habari ya Mstaafu nitafukuzwa, na Ngaire ataingia matopeni kwa sababu yangu. Kweli. Lakini si hilo. Hilo ningelimeza. Ni kwamba Struan, tangu utoto, akikwama husema, "Ngoja nimuulize Eppie." Mbele ya watu. Kwenye mnada. Kwa madaktari wa mifugo! "Dada yangu ndiye anayejua." Ndilo nisilotaka kulipoteza. Na kwa ajili hiyo namtoa Hoani awe mbuzi wa kafara katika shamba la kondoo.


Ijumaa, 14 Julai — Matariki

Sikukuu ya mwaka mpya wa watu wa kina Mereana, nyota za Kilimia zinaporudi angani. Mereana alinialika tangu mwezi jana, kabla ya haya yote, na hakuufuta mwaliko. Nilidhani ataufuta. Nilitamani aufute.

Tulipanda kilima nyuma ya nyumba yao kabla ya jua. Barafu inalia chini ya viatu. Mereana, Hoani, binti yao Kahu amefungwa blanketi mpaka puani, Mama na fimbo yake, mimi. Struan hakuja. Alisema ana mbwa wa kulisha.

Nyota zilitoka, kundi lile dogo, safi. Wakafungua chungu, mvuke ukapanda juu: viazi vitamu, samaki, kidogo kwa kila nyota. Kisha wakaita majina ya waliokufa mwaka huu. Mereana alimwita shangazi yake, sauti ikamkatika. Mama akamwita jirani yetu mzee. Hoani akamwita mama yake, halafu — Baba yetu. Baba hakufa mwaka huu. Hoani alisema anajua, lakini anaondoka kwenye ardhi yake, si vizuri kuondoka bila kumuaga mzee.

Mama alinishika mkono. Mkono wake una nguvu bado.

Tukiteremka, Hoani akabaki nyuma nami. Nilijua anataka kusema kitu na nilitembea haraka. Akanifikia, miguu yake mirefu.

"Daktari. Nataka kukuomba msamaha wewe pia."

"Mimi? Kwa lipi?"

"Dume lile ulilitoa wewe. Ile damu nzuri uliileta wewe, nami nimeiharibu kwa uzembe. Nafikiria kila siku. Ningeliweka lile sanduku kivulini tu. Hatua chache! Lakini Kahu alikuwa moto kama jiko, nikasahau."

"Mtoto alikuwa mgonjwa, Hoani."

"Ndiyo. Lakini kondoo hawajui hilo."

Nilisema, "Usijilaumu." Hilo tu. Mbona nisiseme, "Usijilaumu *kwa sababu*"? Neno lilikuwa pale kwenye ulimi. Kahu akapiga kelele kutoka mbele kwamba mkate unapoa, Hoani akacheka, akamkimbilia akamrusha begani.

Nilikula mkate wao. Nilikula na samaki. Mereana aliniongezea mara mbili akisema nimekonda, kama Mama. Nami nilimaliza kila tonge.


Jumamosi, 15 Julai

Nimebaki nyumbani. Kesho baada ya kanisa kuna chai ya kuwaaga. Ni Mama aliyeitaka. Struan alisema kumuaga mtu uliyemfukuza ni unafiki, Mama akamjibu kwamba basi ana bahati, yeye hajamfukuza mtu.

Jioni tulikuwa jikoni, mimi naosha vyombo, Mama anakausha. Struan yuko bandani.

"Mwaka ule dume lilipovunjika mguu," Mama akasema, "Struan alikupigia simu hapa hapa. Nilikuwa nimeshika kitambaa kama hivi."

Nikatumbukiza sahani nyingine majini.

"Alikuuliza kuhusu kumrudisha yule Mstaafu. Alipokata simu alipiga mluzi. Nakumbuka kwa sababu tangu baba yenu afe alikuwa hajapiga mluzi ndani ya nyumba."

"Mama, skonzi zinaungua."

"Haziungui." Hata hakugeuka kuzitazama. "Mimi sijasoma habari za mayai, Eppie. Nauliza tu. Yule dume na hawa kondoo watupu — wanajuana?"

Niliikwangua sufuria ambayo ilikuwa safi. Niliikwangua! Mama akangoja. Ana subira ya mtu aliyewahi kukaa na kondoo anayezaa vibaya usiku kucha. Kisha akatundika kitambaa, akazitoa skonzi, hazijaungua hata moja, akasema:

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Nakwenda kulala."

Anajua. Hajui jina lake lakini anajua.

Nimefanya mpango: kesho asubuhi kabla ya kanisa, bandani, Struan peke yake. Nitaanza na migongo. "Struan, ile rangi." Nitaanza hivyo, mengine yatafuata yenyewe.


Jumapili, 16 Julai — asubuhi

Struan alikuwa bandani. Nilikwenda. Nilisema, "Struan, ile rangi."

Akasema, "Ndiyo, chaki mbovu, nimeshalalamika dukani, wamekubali kunibadilishia." Akatabasamu. Mara ya kwanza wiki nzima anatabasamu. "Twende, tutachelewa. Mama anawasha gari mwenyewe, ataligonga geti."

Basi tukaenda kanisani.


Jumapili, 16 Julai — mchana

Naandika nimekaa ukingoni mwa beseni la kuogea. Mlango umefungwa. Kalamu hii ni ya Mama ya kujazia fumbo la gazeti, niliikuta kwenye koti.

Wote wako jikoni. Chai, skonzi, mikate ya jibini iliyokunjwa, nyama baridi. Kahu chini ya meza na Tui. Ilikuwa inaendelea vizuri, yaani vibaya kwa namna ya watu wenye adabu. Struan alimpa Hoani koti jipya la sufu, zito, la bei. Hoani akalivaa hapo hapo, limemkaa sawasawa, akageuka kama msichana dukani, tukacheka sote. Mereana hakucheka sana.

Akauliza — Mereana, si Hoani — kwa upole kabisa, kama Struan ataandika barua ya kumsifia. Kuna shamba kule Clinton linataka mchungaji mkuu. Nyumba ina vyumba vitatu. Wanataka barua tu.

Struan akaweka kikombe. Akasema ataandika. Akasema Hoani ni mkono bora aliowahi kuwa nao, ataandika hivyo. Lakini habari ya chanjo lazima aiandike pia, kwa sababu yeye si mwongo, na mwenzake wa Clinton ana haki ya kujua.

Chini ya meza Tui anatafuna kitu.

Hoani ndiye aliyejibu. "Ni haki, bosi," akasema. "Hata mimi ningetaka kujua." Mereana alitazama dirishani. Na barua ikisema hivyo, hakuna shamba kutoka hapa mpaka baharini litakalompa kondoo wake. Wote mezani tulijua. Hoani alikuwa na koti jipya mwilini, lebo bado inaning'inia.

Hapo Struan akageuka kwangu. Kwa nini kwangu? Kwa sababu amekwama. Akikwama ananigeukia. "Dada, wewe ndiye msomi wetu. Sema neno la kuwaaga, mimi maneno yamenishinda."

Nikasimama. Nilisimama kweli! Wote wakaniangalia, Kahu akachungulia kutoka chini ya meza. Niliona uso wa Struan, ule uso wa "ngoja nimuulize Eppie". Nikasema, "Nakwenda msalani kwanza."

Sasa niko huku.

Nawasikia. Birika linachemka mara ya pili. Struan anamuuliza Hoani kuhusu matairi ya tela, atafika nayo salama? Hoani anasema yatafika. Kahu anauliza kama Tui watakwenda naye, Mereana anasema bila shaka, Tui ni wetu. Anauliza na kondoo wa zizi la chini wanakwenda wapi kesho. Mereana anamwambia ale skonzi yake.

Nilidhani nitalia, silii. Nusu ya kondoo wale hawana kosa na kesho watapakiwa. Wao siwezi kuwaokoa, ni tasa, wamekwisha tangu tumboni, tangu ile Sawa yangu. Lakini huyu mtu ni mzima. Ningemwokoa kwa sentensi moja. Ninayo. Nimeitunga vizuri, nimeirudia kwa sauti ndogo mbele ya bomba: Struan, si chanjo, ni Mstaafu, na ni mimi niliyekuambia sawa. Fupi. Hata Kahu angeielewa.

Mtoto anauliza mbona shangazi anachelewa.

"Mwache," Hoani anasema. "Daktari ana huzuni kwa ajili yetu."

Ee Mungu.

Hatua kwenye korido. Fimbo. Mama amegonga mlango kwa kichwa cha fimbo, mara moja.

"Eppie. Chai inapoa."

"Nakuja, Mama."

"Utasema wewe, ama niseme mimi nisiyejua hata kuanza?"

Hakuondoka. Nimefungua bomba, nimelifunga. Nimenawa uso. Maji ya barafu. Nyuma ya mlango kuna hatua nyingine sasa, nzito, za soksi za sufu. Ni Hoani. Namsikia anamwambia Mama aende akakae, ataniita yeye. Anabisha kwa kidole kimoja, polepole, kama unavyobisha chumba cha mgonjwa.

"Dada," anasema. Haniiti Daktari. "Usilie humo peke yako. Toka. Hapa hakuna anayekulaumu wewe."

Mama hajaenda kukaa. Yupo nyuma yake, namsikia anavyopumua.